Cha Kuokota

Msomaji kijana, dunia ya leo imeijaza mifuko yetu vitu vidogo vyenye mambo makubwa. Mtu atokapo nyumbani asubuhi hujipapasa kama aliyeingiwa na siafu: simu ipo, kitambulisho kipo, kadi ya benki ipo. Akiridhika huenda zake. Asiporidhika hurudi ndani, hata ikiwa matatu inamngoja njiani.

Vitu hivi hutumika vizuri vikipenda, na visipopenda huaibisha. Chaji ya simu huisha mbele ya kondakta, nayo nauli imo ndani ya simu hiyo hiyo. Mashine ya benki humeza kadi Jumamosi jioni, ikakaa nayo hadi Jumatatu kama chatu aliyeshiba. Nambari ya siri, ambayo jana mtu aliijua kama alijuavyo jina la mamaye, leo humtoroka. Akibahatisha mara tatu akakosa, hufungiwa mlango wa fedha zake mwenyewe. Nimewaona watu wazima, wenye heshima zao, wakiigombeza simu kama mtoto mtukutu, na simu isijali.

Sikukusudia kuandika juu ya maudhi ya namna hiyo. Hayo ni baina ya mtu na kitu, na kitu hakina dhambi. Nataka tutazame mahali ambapo maudhi ya mtu mmoja huangukia mikononi mwa mwingine. Simu iliyoanguka haibaki hewani. Iko mtu aliyeinama akaiokota. Pesa zilizotumwa zikapotea njia hazikuyeyuka. Ziko mahali, katika simu ya mtu ambaye hakuzitarajia. Hapo ndipo swali langu linapoanza: kitu kikimpotea mwenyewe kikaonekana na mtu mwingine, ni cha nani?

Jibu la mitaani ni jepesi. Watu husema kwamba kuokota si kuiba. Msemo huu hupendeza masikioni, hasa masikio ya aliyeokota, nami nilikua nikiusikia na kuuamini. Lakini sheria ya Kenya haiukubali pasipo sharti. Katika Kanuni ya Adhabu, pale panapohusu wizi, imeelezwa kuwa mtu aliyeokota kitu kilichopotea akakifanya chake hahesabiwi kuwa ametenda hila ikiwa wakati ule hakumjua mwenyewe, tena aliamini, kwa sababu zenye kuridhisha, kuwa mwenyewe hawezi kupatikana. Lisome sharti hilo mara mbili. Utaona kwamba mwokotaji ana kinga moja tu, nayo ni kutojua.

Dini zilikuwa zimetangulia kusema hayo kwa karne nyingi. Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aonaye ng'ombe au kondoo wa nduguye amepotea ameamriwa asijifiche akajifanya hakumwona. Yampasa amrudishe, na kama mwenyewe yu mbali au hajulikani, amtunze nyumbani kwake mpaka atakapokuja kumtafuta. Katika sheria ya Kiislamu, ambayo watu wa pwani yetu wameijua tangu zamani, kitu cha kuokota huitwa lukata. Mwokotaji hutakiwa autambue mfuko wake na kamba iliyoufunga, ili ajue kumpima atakayekuja kudai, kisha akitangaze mwaka mzima. Fikiria, msomaji, mwaka mzima wa kupaza sauti sokoni kwa ajili ya mfuko wa mtu usiyemjua!

Zamani kinga hiyo ya kutojua ilikuwa na maana. Sarafu iliyolala vumbini haina jina la mtu. Imepita mikono elfu, na mkono wa mwisho ulioiangusha haujulikani. Mwavuli uliosahauliwa chini ya kiti hausemi. Lakini tazama vitu tupotezavyo leo. Kadi ya benki imeandikwa jina la mwenyewe. Kitambulisho kina jina, sahihi na picha ya uso wake. Simu imevizidi vyote, kwa maana yenyewe huita. Hulia mfukoni mwa aliyeiokota, na upande wa pili yuko mwenyewe, amekopa simu ya jirani, moyo wake u juu juu. Na pesa zitumwazo kwa simu, zikipotea njia, hufika pamoja na jina la aliyezituma. Sidhani kama babu zetu walipata kuokota kitu kinachomtaja mwenyewe kwa sauti namna hii. Kutojua kumekwisha, kilichobaki ni kutotaka kujua.

Bunge la Kenya lililiona jambo hili. Katika Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya mwaka 2018 kimo kifungu kinachosema kwamba mtu anayeficha au kuzuilia kwa makusudi ujumbe, malipo ya kielektroniki au kadi ya benki, aliyoiokota au iliyomfikia kwa makosa, ilhali yapasa imfikie mwingine, ametenda kosa. Faini yake yaweza kufika shilingi 200,000, au kifungo cha miaka miwili, au vyote viwili. Lakini sikuandikii ili nikutishe kwa jela. Mtu arudishaye simu kwa kuogopa jela amerudisha simu tu, hakurudisha kingine. Mimi mwenyewe nilifundishwa jambo hili miaka saba kabla ya sheria hiyo, nami sikuwa mwanafunzi mwepesi.

Mwaka 2011 nilikuwa katika chuo cha ualimu. Huduma ya M-Pesa ilikuwa imeanza Machi 2007, na katika miaka minne watu walikuwa wamekwisha kuzoea kutuma pesa kwa simu kama wazoeavyo kutuma mtoto dukani. Jambo moja lilikuwa halijakuwapo bado: jina la mpokeaji halikuonekana kabla ya pesa kuondoka. Mtumaji aliandika tarakimu kumi kwa kidole chake, akathibitisha, na jina likaja nyuma, pamoja na majuto.

Alhamisi moja, nikiwa katika mazoezi ya kufundisha, nilipata ujumbe. Nilikuwa nimepokea shilingi 4,500 kutoka kwa mwanamke mwenye majina matatu ambaye sikumjua. Niliusoma ujumbe ule mara nne. Wakati huo nilikuwa na deni la shilingi 1,700 katika duka lililokuwa karibu na shule, deni la mkate, sukari na mafuta ya taa, na mwenye duka alikuwa ameanza kuniamkia kwa sauti iliyopungua utamu. Nilifanya jambo ambalo nililiona dogo. Niliizima simu.

Plato, mwanafalsafa wa Uyunani, amesimulia katika kitabu chake cha Jamhuri hadithi ya mchungaji wa nchi ya Lydia aliyeshuka katika shimo lililofunguka ardhini akapata pete. Akikigeuza kito cha pete kuelekea kiganjani, haonekani na mtu. Akikirudisha, huonekana tena. Mchungaji alipoijua siri hiyo hakukawia kutenda uovu, akaendelea nao mpaka akautwaa ufalme. Mimi sikuwa na pete. Nilikuwa na kitufe cha kuzimia simu, nacho kilifanya kazi ile ile.

Jioni nilikwenda kwa wakala. Pesa hazitoki katika simu iliyozimwa, kwa hiyo ilibidi niiwashe, na ilipowaka tu ikalia mkononi mwangu. Niliitazama. Wakala, kijana wa rika langu, akaniuliza, "Mbona hupokei?" Nikamjibu, "Ni mtu tu." Nikangoja ikome. Nikatoa shilingi 1,700, nikaenda kulipa deni langu, na mwenye duka akaniamkia kwa utamu wake wa siku zote.

Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi tangu jioni hiyo, nami nimewafundisha watoto aina za maneno na matumizi yake. Lakini sijakutana na neno dogo lililobeba uovu mkubwa kama lile "tu". Mtu mwenye majina matatu, yaliyoandikwa kikamilifu mbele ya macho yangu, niliyafuta yote matatu kwa silabi moja.

Kesho yake nilikuwa mbele ya darasa la tano. Mtoto mmoja akaja na kalamu, akasema, "Mwalimu, nimeokota." Niliiinua kalamu, nikauliza ni ya nani. Mikono minne ikainuka. Nisikufiche, nilicheka, maana kalamu ilikuwa moja. Lakini yule aliyeileta hakuinua wake, naye ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuitia mfukoni pasipo mtu kumwona. Alirudi kwenye dawati lake akaendelea na hesabu zake, kama mtu aliyetua mzigo usio wake. Sikutoa hotuba. Wakati wa mapumziko nilikwenda chini ya mti wa mjakaranda, nikaiwasha simu, nikangoja. Sikungoja sana.

Sauti ya mwanamke mtu mzima ikasema, "Habari ya asubuhi, mwanangu."

"Njema, mama."

"Kuna pesa zangu zilikuja kwako jana. Nilikosea nambari ya mwisho." Kisha, kabla sijajibu, akaniuliza kwa upole, "Zimebaki ngapi?"

Hakuuliza kama ninazo. Hakuniita mwizi, wala hakutaja polisi. Aliuliza zimebaki ngapi, kama mtu aulizaye maji ya mtungi wa nyumbani kwake. Nilimwambia kweli: zimebaki 2,800. Nikamtumia papo hapo, na zile 1,700 nikaahidi kuzilipa kidogo kidogo. Akanieleza kwamba zilikuwa za kulipia lori la viazi. Mwenye lori alipoona hazifiki alipakia viazi vya mtu mwingine akaenda zake, na siku ya soko ikapita viazi vikiwa bado shambani. Nilikuwa nimefikiri kwamba nimeshika shilingi 4,500. Kumbe nilishika siku ya soko, ambayo haina namna ya kurudishwa.

Katika saa zile za simu iliyozimwa nilijipa hoja nyingi, nami nitazitaja kwa sababu huenda zikakujia na wewe, tena zikakujia zikiwa zimevaa vizuri.

Nilijiambia kwamba aliyekosea ni yeye. Ni kweli, alikosea. Lakini wahenga wamesema kuteleza si kuanguka. Kidole kilichoteleza juu ya tarakimu kimetenda kosa la kidole. Moyo wake haukukusudia kunipa kitu. Zawadi huhitaji nia ya mtoaji, na pasipo nia hapana zawadi. Zikiondoka zawadi, mshahara, biashara na urithi, sijui ni kwa njia gani mali ya mtu mwingine huwa yangu. Uzembe wa mwenye mali waweza kumfanya astahili kulaumiwa; haumfanyi jirani yake astahili kulipwa.

Nilijiambia pia kwamba Mungu amenijalia. Hoja hii hupendwa sana, nayo ni ya hatari kwa sababu huja imevaa kanzu. Ni vyema mtu kuuona mkono wa Mungu katika riziki yake. Lakini ni ajabu kubwa ikiwa Mungu huyo aliona hana njia ya kumlipia mwanafunzi deni la sukari isipokuwa kwa kuozesha viazi vya mama wa watu.

Hoja ya tatu ilikuwa haja yangu, na hii sitaidharau. Deni lilikuwa la kweli na njaa ya mwisho wa mwezi ilikuwa ya kweli. Wako watakaosoma insha hii ambao wamewahi kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, nao wanajua kwamba shida si mchezo wa maneno. Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na hapa ndipo nilipofika. Mwenye shida huomba au hukopa. Aombaye na akopaye humpa mwenzake nafasi ya kusema "Chukua" au kusema "Sina". Nafasi hiyo ndiyo heshima ya mtu juu ya mali yake, hata iwe ndogo namna gani. Mimi nilimkopa mama yule pasipo kumpa nafasi ya kukataa. Na la kunitahayarisha zaidi, kwa jinsi alivyosema nami siku ile chini ya mjakaranda, naamini kwamba kama ningempigia Alhamisi nikamweleza shida yangu, huenda angeniazima kitu. Sikumpa nafasi ya kukataa, wala sikumpa nafasi ya kuwa mwema.

Miezi mitano baadaye nilipotelewa na simu yangu mwenyewe katika matatu. Niliazima simu ya rafiki yangu niliyekaa naye chumba kimoja chuoni, nikapiga nambari yangu, ambayo ilikuwa nambari ya pekee niliyoijua kwa moyo. Hata ya mama yangu sikuijua, maana simu ndiyo iliyonijulia. Iliita. Mara ya pili ikaita. Mara ya tatu ikakatwa. Mara ya nne sauti ya mashine ikaniarifu kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Nilikijua kitufe kilichobonyezwa.

Ilikuwa simu ya bei ndogo, nami wakati ule sikujua kwamba kila simu ina nambari yake ya tarakimu 15, ionekanayo ukibonyeza *#06#, ambayo yafaa mtu aiandike daftarini kabla ya siku ya hasara. Lakini hata nambari hiyo isingenirudishia nilichokipoteza. Ndani ya simu ile mlikuwa na ujumbe wa mwisho niliopata kwa baba yangu, aliyekuwa amefariki mwaka uliotangulia. Haukuwa ujumbe wa hekima. Aliuliza kama nimepata nauli. Aliyeichukua simu hakupata faida yoyote katika maneno hayo; hakuna kibanda ambacho kingeyanunua. Aliyafuta ili simu iuzike.

Jambo hili halimo katika vitu vya zamani, nami ningependa ulipime mwenyewe. Mwizi wa kuku hupata kuku mzima kama alivyompoteza mwenyewe. Mwenye kuficha simu ya mtu hupata ganda akatupa yai. Katika simu mna majina ya wadeni, picha za walio hai na walio makaburini, namba za wateja wa fundi asiye na duka, na siku hizi kazi za masomo za muhula mzima. Aliyeokota huuza ganda lake kwa pesa za kula siku chache, na hasara aliyoitia hailingani hata kidogo na faida aliyoipata. Akijitetea kwamba alichukua kitu kidogo atakuwa amesema kweli, kwa upande wake.

Wako wasiokataa kurudisha, ila husema, "Nitarudisha, lakini wewe utanitolea nini?" Hapa yataka tuamue kwa haki. Ikiwa mwokotaji amelipa nauli kumfuata mwenyewe, nauli hiyo ni deni halali na alipwe. Shukrani nayo ni desturi njema. Mwenye kurudishiwa kitu akakaza mkono wake ana kasoro yake. Lakini shukrani hutoka baada ya kitu kurudi, nayo hutoka kwa kipimo cha moyo wa mwenyewe. Ikidaiwa kabla, ikapangiwa bei, na simu ikazuiliwa mpaka bei ifike, hiyo si shukrani tena. Simu imekuwa mateka, na mwokotaji ameketi mlangoni pa gereza lake.

Tena usiipekue. Simu iliyookotwa ikiwa haijafungwa, jumbe zilizomo ni kama barua zilizo wazi mezani pa mtu: uwazi wake si ruhusa. Tafuta jina la wa nyumbani kwake, piga, basi.

Siku hizi mambo mengine yamerahisishwa. Jina la mpokeaji wa pesa huonekana kabla ya kuthibitisha, na aliyekosea aweza kuupeleka ujumbe wake wa M-Pesa kwa nambari 456 akaomba pesa zirudishwe, ikiwa aliyezipokea hajazitoa. Lakini katika upande mwingine uaminifu umetiliwa mchanga. Walaghai huandika ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa kweli, kisha hupiga simu kwa sauti ya kilio, wakisema wamekosea nambari, wana mgonjwa, warudishiwe haraka. Mtu mwema huwatumia, akaja kugundua kwamba hakupokea chochote na kwamba alichorudisha ni chake. Wako pia walipao dukani, wakapokea bidhaa, kisha wakaomba malipo yarudishwe kwa kudai walikosea. Mlaghai wa namna hii huiba mara mbili: humnyang'anya mtu fedha, kisha humnyang'anya mtu wa tatu, asiyemjua, uwezekano wa kuaminiwa siku atakapokosea kweli. Kwa hiyo ukipigiwa simu ya kilio, tazama salio lako kwanza. Ikiwa pesa zimefika kweli, usizitumie, wala usizitume kwa nambari unayotajiwa. Mwambie mwenyewe aombe zirudishwe kwa njia ya kampuni, nawe usiweke kizuizi. Tahadhari si ugumu wa moyo. Mama wa viazi angeielewa.

Kabla sijamaliza nitasema neno juu yetu sisi walimu, ingawa najua wenzangu watalisoma. Shule nyingi za bweni haziruhusu simu, na katika saraka za meza zetu hulala simu zilizochukuliwa kwa wanafunzi. Kanuni yaweza kuwa ya haki, na simu ikabaki kuwa mali ya mwenyewe. Mwalimu asahauye kuirudisha wakati uliowekwa, mpaka muhula ukapita na mwingine ukapita, hana haki ya kumfundisha mtu maana ya lukata. Nimeifungua saraka yangu wiki hii. Zilikuwamo mbili. Moja nilimjua mwenyewe, nimekwisha kumpelekea mzazi wake. Ya pili imezimika, nami nimeitia chaji, nangoja iite.

Deni langu kwa mama yule nililipa katika mafungu manne: shilingi 500, kisha 400 mara tatu. Fungu la mwisho liliangukia katika wiki ile ile niliyopotelewa na simu. Nambari yake nilikuwa nimeiandika katika daftari, kwa hiyo nilimpa rafiki yangu fedha taslimu, akanitumia kutoka katika laini yake. Hazikupita dakika kumi simu yake ikalia. Aliisikiliza, akastaajabu, akanipa mimi.

"Mwanangu," ilisema sauti niliyoijua, "hapa nimeona shilingi 400 na jina nisilolijua. Nadhani umekosea nambari. Nikurudishie?"